Biosphere 2: Hewa ilipopotea ndani ya nyumba ya vioo

Kaskazini mwa mji wa Tucson, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, mwendo wa kama kilometa 50, kuna nyumba kubwa ya vioo iliyojengwa jangwani chini ya milima ya Santa Catalina. Inaitwa Biosphere 2. Wageni wengi huuliza ya kwanza iko wapi. Ya kwanza ni dunia hii tunayoikanyaga. Waliojenga hiyo ya pili walitaka kutengeneza dunia ndogo, waifunge isiingize wala kutoa hewa, waweke watu ndani yake kwa miaka miwili, kisha waone kama uhai utajiendesha wenyewe.

Tulikwenda huko kwa siku moja, mapadre wanafunzi na waseminari wa Afrika Mashariki tulioko masomoni Marekani, pamoja na familia mbili za Wakongo ambao wamepata makao Tucson. Tuliondoka baada ya Misa ya asubuhi, tukafuata barabara namba 77 katikati ya kaktasi warefu waitwao saguaro, na kabla ya saa nne tulikuwa getini. Tunaandika kwa sababu habari za jengo hili husimuliwa mara nyingi, hata mimbarini, na karibu kila mara husimuliwa nusu. Wapo wanaolitaja kama kichekesho cha matajiri. Wapo wanaolikumbuka kwa mfano mmoja tu, ule wa miti iliyokosa upepo. Sisi tuliona kwamba jambo zito zaidi lililotokea mle ni upotevu wa hewa, na ndilo tutakaloeleza kwa kirefu.

Jengo lenyewe

Eneo lililofunikwa ni hekta 1.27, karibu viwanja viwili vya mpira. Ujenzi ulianza mwaka 1987 na kumalizika 1991. Fikra ilikuwa ya John Allen na wenzake. Fedha zilitoka kwa Edward Bass, tajiri wa Texas ambaye ukoo wake ulijipatia mali kwa mafuta, na gharama hutajwa kuwa kati ya dola milioni 150 na 200. Juu ni vioo na fremu za chuma. Chini, mahali ambapo mgeni hafikirii kutazama, ardhi yote imetandikwa mabati ya chuma kisichoshika kutu ili hewa isipenye kwenda wala kuja kupitia udongo.

Ndani kuna msitu wa mvua, savana, bwawa la mikoko, jangwa la ukungu kama yale ya pwani, na bahari ndogo yenye maji zaidi ya lita milioni mbili na nusu, ambayo hapo mwanzo ilikuwa na matumbawe hai. Mtu hutoka kwenye joto na unyevu wa msitu akashuka ngazi chache, mara anasikia chumvi puani. Mbali na hapo palikuwa na shamba la robo hekta hivi na makazi ya watu.

Kitu tulichokaa nacho muda mrefu ni kile wanachokiita mapafu. Hewa ikipata joto hutanuka, ikipoa hujikunja. Nyumba iliyofungwa kabisa, tena ya vioo, tena jangwani, ingepasuka mchana na kubonyea usiku. Kwa hiyo walijenga vyumba viwili vikubwa vya mviringo pembeni, wakaviunganisha na jengo kwa njia za chini ya ardhi. Katika kila chumba kuna utando mpana wa mpira ulioshikilia sahani nzito ya chuma katikati. Jua likiwaka, hewa hukimbilia huko na kuinua sahani; usiku sahani hushuka taratibu na kurudisha hewa ndani. Mgeni huruhusiwa kuingia ndani ya pafu mojawapo. Ukifungua mlango wa kutoka, upepo hukusukuma mgongoni kwa nguvu hadi kofia inaruka. Watoto waliomba kurudia.

Mama mmoja katika kundi letu alituambia, "Padri, mumuulize: umeme ukikatika, hii miti itakufa?" Swali hilo lilikuwa bora kuliko yote tuliyouliza siku ile. Mtumishi wa pale alikiri kwamba bila mitambo ya kupoza, jua la Arizona lingepika kila kitu kilicho chini ya vioo. Nyumba hii ilifungwa kwa upande wa hewa, maji na chakula, lakini haikuwahi kufungwa kwa upande wa nguvu. Ilitegemea mwanga wa jua na mitambo mikubwa ya umeme iliyokuwa nje. Kazi ya kupoza hewa na kuzungusha maji, ambayo dunia huifanya kwa upepo, bahari na mawingu, hapa ilifanywa na mashine kwa gharama kubwa.

Watu wanane na viazi vitamu

Tarehe 26 Septemba 1991 wanaume wanne na wanawake wanne waliingia na mlango ukafungwa. Walikuwa Roy Walford, Jane Poynter, Taber MacCallum, Mark Nelson, Sally Silverstone, Abigail Alling, Mark Van Thillo na Linda Leigh. Walford, mzee kuliko wote, alikuwa daktari na mtafiti aliyeamini kwamba kula kidogo huongeza maisha. Alipata nafasi ya kuijaribu imani yake kuliko alivyotarajia.

Walilima kwa mikono: mpunga, ngano, karanga, viazi vitamu, ndizi, mapapai. Walifuga mbuzi wafupi wa jamii ya Afrika, kuku na nguruwe. Nguruwe hawakudumu, kwa sababu walikula kile kile ambacho watu walikihitaji. Shamba lile dogo liliwapa zaidi ya asilimia 80 ya chakula chao. Mkulima yeyote wa kwetu akiisikia hesabu hiyo atavua kofia, maana ni robo hekta kwa watu wanane. Hata hivyo walishinda na njaa. Mawingu yalizidi kuliko kawaida katika misimu ile ya baridi, mimea ikakosa mwanga, na wengi wao wakapungua sana uzito. Viazi vitamu vilikuwa vingi mezani hadi ngozi za baadhi yao zikaanza kuwa na rangi ya chungwa. Poynter amesimulia kwamba kutengeneza piza moja kulichukua miezi minne, kwa sababu ngano ilipaswa kupandwa kwanza, na jibini ilimsubiri mbuzi.

Hewa inakwenda wapi?

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 20.9. Ndani ya Biosphere 2 kiwango hicho kilianza kushuka mapema, kidogo kidogo, mwezi hata mwezi. Baada ya miezi 16 kilikuwa asilimia 14.5 hivi. Hiyo ni sawa na kuishi kwenye mlima wa zaidi ya mita 4,000. Kwa waliopanda Kilimanjaro, ni mahali fulani kati ya Horombo, iliyo mita 3,720, na Kibo, iliyo mita 4,720. Tofauti ni kwamba mpanda mlima hupita pale siku moja mbili na mfukoni ana chokoleti. Hawa walikuwa wakilima, na njaa tumboni. Walipanda ngazi kwa kupumzika katikati. Usiku walishtuka usingizini wakitafuta pumzi.

Waliokuwa nje walipiga hesabu upya. Mimea huvuta hewa ya ukaa na kutoa oksijeni. Watu na wanyama hufanya kinyume chake. Watu wanane hawawezi kuimaliza hewa ya jengo lile. Basi nani alikuwa anaivuta?

Jibu la kwanza lilikuwa udongo. Wajenzi walitaka shamba lizae kwa miaka mingi bila mbolea ya nje, hivyo wakaweka udongo uliojaa mboji. Katika mboji wanaishi bakteria na kuvu wasiohesabika, nao hupumua kama sisi: huvuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Miti ilikuwa bado midogo na mwanga hautoshi, wakati vijidudu vya udongo vilikuwa vimekaribishwa karamuni. Upande mmoja wa mizani ukashinda.

Lakini hapo likazuka fumbo la pili. Ikiwa oksijeni ilikuwa inageuzwa kuwa hewa ya ukaa, basi hewa ya ukaa ilipaswa kuongezeka sana. Kweli ilikuwa juu kuliko nje, ila haikufikia hata karibu na kiasi kilichopaswa kuwapo. Oksijeni ilikuwa imepotea, na kile ilichogeuka kuwa nacho kilikuwa kimepotea.

Wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, Jeff Severinghaus, wakati huo mwanafunzi, na mwalimu wake Wallace Broecker, walilifuata fumbo hilo hadi kwenye kuta. Ndani ya jengo mlikuwa na zege jingi lisilopakwa rangi: nguzo, kuta, miamba ya bandia ya msituni. Zege lina chokaa ndani yake, na chokaa hunywa hewa ya ukaa na kuwa jiwe.

Msomaji wa pwani hahitaji maabara kulielewa hili. Mafundi wa Lamu na Unguja walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakaikoroga, wakaipaka ukutani ikiwa laini. Chokaa ile hukauka na kuwa ngumu mwaka hata mwaka kwa sababu inairudisha kutoka hewani ile ile hewa ya ukaa iliyofukuzwa na moto wa tanuru. Jambo hilo hilo lilitokea Arizona kimyakimya. Vijidudu viliichukua oksijeni na kuifunga katika hewa ya ukaa, kuta zikainywa hewa ya ukaa, na oksijeni ikabaki imefungwa ndani ya jiwe ambalo hakuna jani linaloweza kulifungua. Kila mtu alikuwa akitazama miti, na hewa ilikuwa inatokea mlango wa nyuma, kwenye zege.

Mnamo Januari 1993 wasimamizi waliamua kuingiza oksijeni kutoka nje kwa matangi. Waliokuwa ndani wamesimulia jinsi walivyoanza kukimbia na kucheka ovyo, watu ambao kwa miezi walikuwa wakitembea kama vikongwe.

Tusije tukamtia msomaji hofu ya bure: dunia haiishiwi oksijeni. Anga letu ni kubwa mno na akiba yake ni ya mamilioni ya miaka. Katika nyumba ile ya vioo udongo ulikuwa mwingi na hewa kidogo, hivyo mabadiliko ambayo duniani yangechukua miaka yalitokea kwa siku. Ndiyo maana jengo lile ni shule nzuri, kwani linaonyesha kwa haraka njia ambazo hewa hupitia hata huku nje. Na kwa kuwa tangu waraka wa Laudato si' wa Papa Fransisko, mwaka 2015, maparokia mengi yameshika kampeni ya kupanda miti ili kuitunza nyumba ya wote, tungependa wenye kampeni hizo wauangalie udongo pia. Udongo hushika kaboni nyingi kuliko mimea yote ya dunia. Shamba linalochomwa moto kila mwaka baada ya mavuno huipoteza mboji yake, hata kama pembeni mwa kanisa kuna safu nzuri ya miche yenye vibao vya majina ya wafadhili.

Nani alibaki, nani alitoweka

Wanyama wenye uti wa mgongo walioingizwa walikuwa aina 25. Aina 19 ziliisha. Wadudu na ndege wanaochavusha maua, nyuki wakiwemo, walikwisha wote, na mimea iliyowategemea ikabaki ikitoa maua yasiyozaa. Walikuwapo hata komba, yule mnyama wetu wa usiku anayelia kama mtoto mchanga. Waliostawi ni mende na sisimizi wa aina ambayo hakuna aliyekusudia kuileta.

Kuhusu miti na upepo: ni kweli kwamba miti mingi ilirefuka haraka ikiwa dhaifu na kuinama. Mti unaosukumwa na upepo hujijengea mbao ngumu pale unapoelemewa, na mle ndani hapakuwa na upepo. Lakini mwanga pia ulipungua sana kwa sababu ya vioo na vyuma, na mti ukikosa mwanga hukimbilia juu bila kunenepa. Mhubiri anayeutumia mfano huu akumbuke sababu zote mbili.

Wanne kwa wanne

Wale wanane waligawanyika. Kabla ya mwaka wa kwanza kwisha walikuwa makundi mawili, wanne kwa wanne, na baadhi yao waliokuwa marafiki wa miaka mingi wakaacha kuzungumza ila kwa jambo la kazi. Ugomvi wenyewe ulihusu uongozi wa mradi na namna ya kuendesha utafiti: wengine walitaka kushirikisha zaidi wanasayansi wa nje, wengine walisimama na wakubwa wao. Njaa na upungufu wa hewa havikusaidia.

Sisi tunaoishi katika nyumba za malezi, wengi wetu tumewahi kukaa meza moja na mtu ambaye hatusemezani, kwa hiyo hapa tulisikiliza kwa masikio yote. Na hili tuliliona la kustahili heshima: hakuna kundi lililoacha kumwagilia. Zamu za shamba, za mbuzi, za kukagua mitambo ziliendelea hadi siku ya mwisho. Kuharibu zamu ya adui yako kulikuwa kuharibu pumzi yako mwenyewe, nao walilijua hilo kwa namna ambayo ni vigumu kuijua katika nyumba yenye madirisha. Hawakupatana, kwa habari tunazozijua, lakini walitoka wote wanane wakiwa hai tarehe 26 Septemba 1993, miaka miwili kamili.

Je, lilikuwa bure?

Magazeti ya wakati ule yalikuwa makali, na kwa sehemu wasimamizi walijitakia. Walikuwa wameweka mtambo wa kupunguza hewa ya ukaa bila kuutangaza. Poynter alikatwa ncha ya kidole na mashine ya kupura mpunga, akatoka kwa saa chache kufanyiwa upasuaji, na aliporudi mfuko wa vifaa uliingia naye. Watu walioahidiwa jaribio lililofungwa kabisa walijiona wamedanganywa. Kwa maoni yetu, mambo hayo yangesemwa wazi tangu mwanzo yasingempa mtu yeyote shida. Kundi la pili, la watu saba, liliingia Machi 1994 na kutoka Septemba mwaka ule ule, baada ya ugomvi mkubwa wa uongozi. Hakuna kundi lililofungiwa tena.

Kazi iliyofuata haikupigiwa kelele. Chuo Kikuu cha Columbia kilisimamia jengo kuanzia 1996 hadi 2003. Katika bahari ile ndogo, Chris Langdon na wenzake walionyesha kwamba hewa ya ukaa ikizidi, maji ya bahari huelekea kuwa na tindikali na matumbawe hujenga mifupa yao polepole. Leo jambo hilo linafundishwa kila mahali, na wavuvi wa Mafia na Pemba wana haki ya kujua kwamba sehemu ya ushahidi wake ilitoka katika bwawa la jangwani.

Tangu 2007 jengo liko chini ya Chuo Kikuu cha Arizona. Mwaka 2019 walizuia mvua katika msitu wa ndani kwa zaidi ya miezi miwili, wakafuatilia kila tone na kila pumzi ya miti. Waliona kwamba miti mikubwa ilipunguza matumizi yake mapema na kuacha maji ya chini kabisa yasiguswe mpaka hali ilipokuwa mbaya sana.

Na lile shamba la viazi vitamu halipo tena. Mahali pake pamejengwa miteremko mitatu ya changarawe ya volkano, kila mmoja urefu wa mita 30 na upana wa mita 11, imejaa vipima ndani kwa ndani. Wanainyeshea mvua ya bomba na kungoja. Wanataka kuona jinsi mwamba mtupu unavyoanza kuwa udongo: maji yanapita wapi, kijidudu cha kwanza kinakaa wapi, mmea wa kwanza unaleta nini. Tulipoitazama ilikuwa myeusi tu, kama kifusi cha barabara, isipokuwa rangi ya kijani hafifu sehemu chache.

Kwa anayepanga kwenda: wageni hupokewa kwa tiketi na njia ya kutembelea ina ngazi nyingi, hivyo wazee waambiwe mapema. Kiangazi cha Arizona ni kikali. Mwezi wa Novemba hadi Machi ni nafuu zaidi. Chukueni maji ya kutosha ndani ya gari, na wenye miwani wajiandae, kwa maana ukiingia tu kwenye msitu hutaona kitu mpaka uifute.